Chungu cha Bwana Ho na Mkojo wa Mama Furaha

Huu ni mwezi wa pili sijabeba mkojo wa mtu, na raha yake haielezeki. Asubuhi naamka, natia maji birikani, nakaa dirishani hapa Rayners Lane, London, nikiwatazama wenzangu wanavyokimbilia treni kwenye mvua, najiona kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Mke wangu, Mama Zuhura, anasema mimi sikustaafu. Nimerudi tu mahali nilipotaka kukaa tangu mwanzo, yaani kwenye kiti. Simbishii. Mimi ni mtu wa nyumbani, ila mshahara ndio uliokataa kuletwa nyumbani.

Basi nyinyi vijana mliobaki kule maabara mmeniomba niandike mambo ya kazi, "kabla hujasahau, Mzee Shabani." Asanteni kwa adabu hiyo. Ya vyeo sina la kusema: niliingia msaidizi wa maabara, nikatoka msaidizi wa maabara, tofauti ni mvi. Nitasema ya chungu, ya friza, na ya wakati ule nilipodhani nimemharibia mama wa watu figo kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilianza miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Tanga, na kemia niliyoifaulu kwa namna ambayo hata mwalimu wangu aliitilia shaka. Tangazo lilitaka mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Sikuvutiwa na sayansi hata kidogo. Nilivutiwa na treni: ilikuwa moja tu kutoka kwangu, bila kubadilisha, na ukipanda mapema unapata pa kukaa.

Siku ya kwanza alinipokea Daktari Lim, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, Mchina mzaliwa wa Penang, Malaysia. Alinipeleka chumba cha mashine kubwa, ile mnayoijua, pipa refu la chuma lililosimama kama tangi la maji, na ndani yake sumaku yenye nguvu za kutisha. Akaniambia nivue saa, niache funguo, niache kadi zote nje. Nikavua saa, nikaacha funguo. Tiketi yangu ya treni ya mwezi mzima, yenye ule mstari mweusi nyuma, nikaingia nayo mfukoni. Jioni lango la stesheni likaitema. Mfanyakazi wa pale akaijaribu mara mbili tatu, akanitazama.

"Umeifanya nini hii?"

"Nimeipeleka kazini," nikamwambia.

Kazi ya Daktari Lim ilikuwa dawa za miti shamba za Kichina. Hasa alishughulika na chai moja ya kuchemsha waliyokuwa wakinywa watu wenye pumu ya ngozi, ule ugonjwa wa ngozi kukauka, kuwasha na kupasuka. Ndani yake mna mizizi, magome, maua, majani, mchanganyiko mzima. Wengine walikunywa wakapata nafuu, wengine wakapata kichefuchefu tu. Swali la wakubwa lilikuwa: ndani ya chai hiyo, ni kitu gani hasa kinachofanya kazi? Miaka ya kwanza tulikitafuta kama polisi wanavyomtafuta mwizi sokoni. Tuliichambua chai vipande, tukapima kila kipande peke yake, na kila kipande kikawa na ushahidi kwamba siku ya wizi hakikuwapo. Hakuna kilichofanya lolote.

Nikamsimulia Mama Zuhura. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua hata uso.

"Nyinyi mnachambua pilau," akasema. "Ukila bizari peke yake, mchele peke yake, kitunguu peke yake, utashiba hasira."

Kesho yake nikampelekea Daktari Lim maneno hayo kama yangu. Akacheka, akasema hilo ndilo analolilia yeye kwenye kila mkutano, ila hajawahi kulisema kwa njaa kiasi hicho.

Ndipo alipomleta Bwana Ho. Huyu alikuwa mzee aliyeuza dawa hizo dukani maisha yake yote, mkali, msafi, mwenye sweta moja la kahawia ambalo nadhani lilizaliwa naye. Daktari alikuwa amegundua kwamba chai tuliyochemsha sisi kwenye vyombo vya kioo haikuwa chai wanayokunywa wagonjwa. Bwana Ho akaja na chungu cha udongo alichokizungushia magazeti, akakiweka juu ya meza ya maabara katikati ya mitambo ya bei ya nyumba, akaniuliza, "Nani mpishi hapa?" Wote wakaninyoshea kidole mimi.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba vigumu hutangulia: magamba na mawe kwanza, yachemke peke yake muda mrefu, kisha mizizi na magome, majani baadaye. Mnanaa huingia kama bibi harusi, wa mwisho kabisa, na hakai sana. Chuma ni marufuku. Kufunua kifuniko ovyo ni marufuku. "Unachungulia nini?" alikuwa akinifokea. "Unadhani itatoroka?" Mimi niliyekwenda London kukwepa jiko la mama yangu, nikajikuta nalipwa kusimama mbele ya chungu.

Jambo lililomnyima raha Bwana Ho ni majina. Katika dawa hizi jina moja laweza kubebwa na mimea miwili isiyo na undugu, kutegemea unanunua kwa nani na ametoka jimbo gani. Ikikaushwa na kukatwa vipande, mizizi hiyo inafanana kama sarafu. Miaka ile zilikuwapo habari za watu walioharibika figo kwa kunywa mmea mmoja uliouzwa kwa jina la mwingine. Kwa hiyo alinizoeza kuweka konzi moja ya kila mzigo kwenye chupa yake, na kuutazama kila mzizi kabla haujaingia chunguni. "Jina halichemshwi," alikuwa akisema. "Unachemsha mzizi."

Ilipofika karne mpya, ikaja njia mpya nayo, hii mnayoiita biolojia ya mifumo kana kwamba mmezaliwa mkiijua. Niliielewa hivi. Badala ya kumsaka mwizi mmoja, unautazama mtaa mzima kabla ya jambo na baada ya jambo: nani kaamka mapema, nani kafunga duka, nani kanyamaza. Mtaa wenyewe ni mwili, na habari zake zote zinatoka kwenye mkojo. Tunautia mkojo ndani ya mashine ya sumaku, inachora mstari wenye vilima na mabonde, kila kilima ni kitu fulani kilichomo. Kompyuta inauchukua mstari wote wa mtu mmoja na kuufanya nukta moja kwenye skrini. Wanaofanana, nukta zao hukaa karibu. Ni kama harusini. Huna haja ya kuuliza, watu wa bibi harusi utawaona wamekaa pamoja. Kabla ya chai nukta zilikaa upande mmoja, na baada ya chai zikasogea, taratibu, kwa pamoja. Siku ya kwanza kuliona hilo Daktari Lim alikaa chini kwenye sakafu, na hakuwa mtu wa kukaa sakafuni.

Kwangu mimi maana yake ilikuwa chupa. Chupa za mkojo za asubuhi, zenye vibandiko, za kupokea, kupanga na kugandisha. Niliilinda ile friza kuliko nyumba yangu. Mwanafunzi mmoja aliweka aiskrimu yake humo siku ya joto. Sikumkemea, nilimwonyesha tu majirani wa aiskrimu yake. Hakuila.

Sasa Mama Furaha. Mama Zuhura ni muuguzi, na Mama Furaha alikuwa akisafisha wodi yake. Mkongomani wa Bukavu, anakaa Stratford na binti yake Furaha. Mama mwenyewe alikuwa mwanakwaya, mcheshi, mwenye mikono iliyopasuka kwa pumu ya ngozi hadi kushika ufagio ni kazi juu ya kazi. Alikuwa amemaliza krimu zote. Mke wangu akamwambia, "Mume wangu anapika chai fulani huko kazini kwake. Nyumbani hapiki hata yai, lakini huko wanamsifu." Akaja, madaktari wakampima, wakamkubali awe mmoja wa wanaojitolea kwenye utafiti.

Kiingereza chake kilikuwa cha kazi, si cha makaratasi, kwa hiyo nikakaa naye kumweleza masharti. Pombe hapana. "Mi ni mtu wa kanisa," akasema, kana kwamba nimemtukana. Dawa nyingine za kienyeji hapana. Na samaki hapana, maana samaki anavuruga mkojo na kutupoteza.

"Samaki yote, Papa Shabani?"

"Wote."

"Hata ya mukebe?"

"Hata wa kopo."

"Bon. Nimeacha."

Akanywa chai yake. Baada ya majuma kadhaa akaja kuleta chupa, akaweka mikono yake miwili juu ya kaunta kama mtu anayeweka bidhaa. "Angalia, Papa." Nyufa zilikuwa zimefunga. Nilivimba kichwa siku hiyo, utadhani nimeivumbua mimi, wakati mimi ni mtu wa kuwasha moto tu.

Haikupita muda, Daktari Lim akaniita kwenye skrini. Nukta zote zilikaa pamoja, ila moja ilikuwa pembeni kabisa, peke yake, kama mtu aliyegombana na ukoo. Akatafuta namba. Mama Furaha. Akafungua mstari wake, akanionyesha kilima kimoja kirefu kuliko vyote.

"Hiki hupanda kwa sababu mbili," akasema. "Mtu amekula samaki, au figo zimeanza kulalamika. Muulize."

Nikampigia simu palepale. "Samaki?" akasema. "Papa, tangu uniambie sijagusa." Na kweli, kwenye karatasi yake ya kila siku, pale penye swali la samaki, alikuwa ameandika hapana, hapana, hapana, hadi chini.

Daktari Lim alivua miwani. Akasema chai isimamishwe sasa hivi, na Mama Furaha aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu.

Nilimkuta huko amekaa na mkoba mapajani, koti hajavua. Nikakaa kando yake.

"Dada yangu alikufaka na figo," akasema. "Kule Bukavu. Walisema ni kitu kidogo."

Akanigeukia.

"Ile chai, nani alipika?"

"Mimi."

"Basi niambie kweli. Ulitia nini?"

Nikamtajia. Mzizi huu, gome lile, ua lile, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa kuingia chunguni. Alinisikiliza kama mtu anayetajiwa mashahidi.

"Na ulijua iko yenyewe?"

Nikamwambia nilijua. Lakini kwenye treni ya kurudi nyumbani nilikuwa sijui tena. Niliona vipande vya mizizi kwenye viganja vyangu njia nzima.

Damu ilirudi njema. Daktari wa hospitali akasema hiyo ni dalili nzuri, lakini figo zina upole, huweza kunyamaza muda kabla ya kusema. Arudie baada ya wiki. Bwana Ho, aliyekwisha kustaafu wakati huo, akaja kwa basi na sweta lake. Akazifungua zile chupa za konzi, akavunja kila kipande, akakitazama kwa lenzi, akanusa. Sikuthubutu hata kukohoa. "Mzizi ni wenyewe," akasema mwishoni, na mashine ikasema vivyo hivyo. Hapo ningeshusha pumzi. Lakini siku ileile ikaja chupa ya pili ya Mama Furaha, na kile kilima kilikuwa kirefu zaidi. Chai ameacha, na hali inazidi!

Nyumbani nilizunguka. Mama Zuhura akanitazama nikipita mbele ya kiti changu bila kukikalia, akasema, "Baba Zuhura, sasa naanza kuogopa na mimi."

Daktari Lim akamwita Mama Furaha maabara. Hakushika karatasi yoyote. Aliniambia nitafsiri, nisiongeze.

"Hukula samaki?"

"Hapana."

"Kamba? Kaa? Pweza?"

Mama Furaha akanigeukia. "Pweza ni nini?" Nikamweleza. Akafanya ishara ya msalaba.

"Basi niambie," akasema Daktari, "jana jioni ulipika nini?"

"Sombe." Ndiyo majani ya muhogo, kwetu Tanga tunaita kisamvu.

"Ulitia nini humo?"

"Mafuta ya mawese, kitunguu, na ndagala kidogo."

Mimi nikatafsiri bila kupepesa jicho: majani ya muhogo, mafuta ya mawese, kitunguu na dagaa. Nililitamka hivyohivyo, "dagaa," katikati ya Kiingereza, kwa sababu ndivyo linavyoitwa.

"Dagaa ni nini?"

Nikampimia kwenye kidole. "Vidogo hivi. Vikavu. Vinang'aa."

"Vina macho?"

"Vina macho."

"Vina mkia?"

"Vina."

"Vinaishi wapi, Shabani?"

Hapo nikaanza kuhisi joto masikioni. "Baharini."

"Kwa hiyo ni samaki."

"Hapana," nikasema, na wallahi nilimaanisha. "Ni dagaa."

Nikamgeukia Mama Furaha, nikamwambia Daktari anadai ndagala ni samaki. Alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyesoma sana. "Mwambie hapana. Samaki iko samaki. Ndagala iko ndagala. Wewe ulinikatazaka samaki, mi nikaacha, ndiyo nikaanza kununua ndagala kila wiki. Na juzi nilivyoogopa, sikuweza kukula nyama hata kidogo. Nimekulaka ndagala tu."

Nilipotafsiri hayo, Daktari Lim alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama yangu Penang," akasema alipoweza, "kila Ijumaa alikuwa anaomba radhi kwamba leo hakuna samaki, kuna bilis tu." Bilis ni dagaa wa kwao. Alikulia nao, wakavu, wenye macho na mikia, na mpaka alipofika chuo kikuu hakuna aliyemwambia kuwa ni samaki.

Vijana, mnapomhoji mtu chakula, msimtajie majina. Mwambieni afunue sufuria, awatajie vilivyomo. Yale maneno kwenye karatasi ya masharti mnayoyacheka mpaka leo, "kitu chochote chenye macho na mkia kilichotoka majini," aliyaandika Daktari Lim alasiri ile kwa mkono wake, akaniuliza mara tatu kama kuna kingine ninachokijua chenye macho na mkia ambacho si samaki.

Lakini kucheka si kupima. Mama Furaha akaambiwa asiguse ndagala wiki nzima, kisha alete chupa. Nami nikajitolea upande wa pili: nile dagaa, nilete yangu. Mama Zuhura akawakaanga kwa nyanya na pilipili, akasimama na mwiko akinitazama ninavyokula. "Miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo kwanza naielewa kazi yako." Nukta yangu ilitoka mbio moja kwa moja hadi pembeni, ikakaa kando ya Mama Furaha kama shemeji. Hiyo ilikuwa furaha nusu. Figo zangu hazikuwa kesi.

Chupa yake ilipokuja niliiyeyusha mwenyewe, nikaitia kwenye mrija mwembamba, nikaikabidhi, kisha nikaenda kusimama nimeipa mashine mgongo, nikisoma vibandiko vya friza. Hospitali ilikuwa imekwishapiga simu asubuhi: damu ya pili njema. Ilibaki hii. Niliomba kwa dini yangu, nikaongeza kidogo kwa yake.

"Shabani," akaita Daktari Lim. "Geuka."

Kilima kilikuwa kimelala. Nukta yake ilikuwa katikati ya wenzake, imebanana nao, huwezi kuitambua bila namba. Daktari akaniletea kiti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi hakuna aliyenitania nilivyokikalia.

Nilimpigia mimi. "Mama Furaha, figo zako nzima. Zote mbili."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Sema tena, Papa."

Nikasema tena. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, akilishusha jina la Yesu polepole, kisha analia kidogo, kilio cha mtu anayetua mzigo kichwani. Nikangoja. Sikuwa na haraka, na macho yangu mwenyewe yalikuwa na shughuli. Mara akainua sauti, si kwangu, kwa ndani ya nyumba.

"Furaha! Weka sufuria ku moto!"

Binti akajibu kwa Kiingereza chake cha Stratford kwamba saa hizi si za kupika, na kwani wanapika nini.

"Ndagala!" akapiga kelele Mama Furaha. "Mufuko muzima!"